Mshenga Aliyerudi na Habari Chungu

Nataka kuzungumza nanyi juu ya barua. Siyo barua ya mapenzi, ingawa najua kila toleo mhariri wetu hupokea lundo la hizo na wala sizidharau. Hii ni barua ya mtu aliyeacha kazi. Iliandikwa Brussels, Ubelgiji, Jumanne ya tarehe 3 Januari 2017, watu ndiyo kwanza wanarudi maofisini kutoka kwenye sikukuu. Mwandishi wake alikuwa Sir Ivan Rogers, ambaye tangu Novemba 2013 alikuwa Mwakilishi wa Kudumu wa Uingereza kwenye Umoja wa Ulaya. Kwa lugha yetu ya kila siku, balozi. Hakuita waandishi wa habari. Aliwaandikia wafanyakazi wenzake barua pepe ya kuwaaga, basi. Siku ile ile nchi nzima ilikuwa inaisoma.

Na mimi niliisoma, kwenye simu, nimesimama kituo cha basi katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza ambako nilikuwa masomoni. Baridi ile sitaki hata kuieleza. Niliisoma mara mbili, na basi moja likanipita. Siku hizo nilikuwa najifunza kuandika, kama wengi wenu mnaosoma kurasa hizi, na nilikuwa nimeshaamini kwamba maandishi yenye nguvu lazima yawe na tamathali, machozi na mbalamwezi. Sasa hapa yupo mtumishi wa serikali, anaandika lugha ya kiofisi iliyonyooka kama rula, na kila sentensi inauma.

Alisema nini? Kwanza alieleza kwa nini anaondoka mapema. Muda wake ulikuwa umalizike kabla ya mwaka ule kwisha, na aliona afadhali balozi mpya awe ameshakalia kiti kabla serikali haijapeleka rasmi taarifa ya kujitoa kwenye Umoja. Hayo ni ya kawaida. Halafu likaja lenyewe. Aliwaambia wenzake kwamba bado hawajui serikali itaweka malengo gani katika mazungumzo. Hebu fikiri, msomaji mwenzangu. Miezi sita imepita tangu wananchi wapige kura ya kutoka, na mtu aliyewekwa kule kuisemea nchi anasema hajui nchi yake inataka nini! Akaongeza kwamba watu wenye uzoefu wa mazungumzo mazito ya mataifa mengi ni haba kule London, wakati upande wa pili wapo. Akakumbusha kuwa biashara huria haiji yenyewe eti kwa sababu serikali zimekaa pembeni. Akawataka waendelee kuwapelekea mawaziri fikra za nchi nyingine 27 kama zilivyo, bila kuzipaka rangi, hata zikiwa chungu. Wapinge hoja zisizo na msingi na mawazo yaliyovurugika. Wasiogope kuwaambia ukweli wenye madaraka. Na washikamane pale watakapolazimika kupeleka habari zisizopendeza.

Sikumbuki kama nimewahi kusoma barua ya kuaga iliyojaa kazi namna ile.

Lakini nisikimbie. Lazima niwaeleze nilikuwa nimesimama wapi katika mambo haya, maana mtu anaweza kuniuliza, wewe Mswahili wa Magomeni, ya Ulaya yanakuhusu nini? Yananihusu hivi. Tulipanga nyumba moja watu wanne. Mmoja wetu alikuwa Mreno, mtu mzima kidogo, anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, ameishi Uingereza miaka 12 na kodi zote analipa. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, bado napotea njia nikienda sokoni. Ile kura ya tarehe 23 Juni 2016 mimi niliruhusiwa kupiga, yeye hakuruhusiwa. Sheria yao ilisema raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi kule kihalali apige kura. Raia wa nchi za Umoja wa Ulaya asipige, isipokuwa wa Ireland, na wale wa Malta na Saiprasi ambao nao ni wa Madola. Kumbe ukoloni nao una masalia yake yenye manufaa! Mreno alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, "Basi ndugu yangu, wewe ndiye utakayenipigia." Nilipiga wapi? Kura ni siri, hata kwenu.

Matokeo mnayajua. Asilimia 51.9 walitaka kutoka, 48.1 walitaka kubaki. Watu milioni 17.4 kwa milioni 16.1. David Cameron akajiuzulu, na tarehe 13 Julai Theresa May akawa Waziri Mkuu. Karatasi ya kura ilikuwa na majibu mawili tu, kubaki au kutoka. Kutoka kwenda wapi, hapakuwa na kisanduku cha kuweka alama. Na hapo ndipo ugomvi wote ulipojificha, maana kuna namna nyingi za kuwa nje. Norwei iko nje ya Umoja lakini imo ndani ya soko la pamoja, kwa hiyo inafuata kanuni nyingi bila kuwa na kura ya kuzitunga. Uturuki iko nje lakini ina umoja wa forodha na Ulaya kwa bidhaa za viwandani. Kanada iko mbali kabisa, ina mkataba wa biashara tu. Na huo mkataba wa Kanada, tuuangalie vizuri: mazungumzo yalianza 2009, sahihi zikawekwa tarehe 30 Oktoba 2016, na siku za mwisho mwisho jimbo moja la Ubelgiji, Wallonia, nusura liutupe wote kapuni.

Sasa shika hesabu hiyo, maana ndiyo iliyomponza Rogers. Mnamo Oktoba 2016 aliwaeleza mawaziri, kwa siri kama kazi yake ilivyotaka, kwamba huko Ulaya wanaona mkataba wa biashara na Uingereza unaweza kuchukua mpaka miaka kumi, na hata ukishaandikwa unaweza kukataliwa na bunge la nchi moja tu. Tarehe 15 Desemba habari hiyo ikatoka BBC. Lo! Akageuka mwanaharamu. Akaitwa mwenye kukata tamaa, mtu wa Ulaya aliyevaa nguo za Kiingereza. Alipojiuzulu wiki tatu baadaye, Nigel Farage, aliyekuwa mbele katika kampeni ya kutoka, alifurahia kuondoka kwake.

Huyu hakuwa mwanaharakati, jamani. Ni mtu aliyelelewa na makabrasha. Alifanya kazi Hazina, akawa katibu mkuu binafsi wa Tony Blair, akawa mshauri wa Cameron wa mambo ya Ulaya. Waliomchukia walikuwa na hoja yao moja ambayo mimi siidharau. Walisema yeye ndiye alikuwapo Cameron alipokwenda Brussels Februari 2016 kuomba masharti nafuu akarudi na kidogo, sasa kwa nini tumwamini kwamba mlango haufunguki zaidi? Inawezekana dereva akawa mwoga. Lakini angalieni alichokipeleka. Yeye hakutamka kwamba ni lazima ichukue miaka kumi. Alirudisha yale aliyoyasikia kwa wenzao upande wa pili.

Waswahili wanasema mjumbe hauawi. Hawakusema hasemwi.

Nikawa namkumbuka mjomba wangu. Mjomba ndiye mshenga wa ukoo wetu, kazi aliyoianza kabla mimi sijazaliwa. Mwaka mmoja alitumwa Pangani kumposea binamu yangu. Akaenda, akakaa siku mbili, akarudi na orodha: mahari kiasi fulani, mkaja wa mama, kilemba cha baba, na binti amalize kwanza mwaka wake wa chuo. Akaongeza neno lake mwenyewe: wale watu wana msimamo, na wana posa nyingine mkononi, msiende kule kwa ubabe. Baraza likachafuka pale pale. Shangazi akasema mjomba amelishwa biriani akalainika. Mwingine akauliza, "Wewe umetumwa na nani, na sisi au na wao?" Mjomba akavaa kofia yake akaenda zake msikitini. Wakamtuma kijana mwingine mwenye maneno matamu. Naye akarudi na orodha ile ile, ila mahari yalikuwa yamepanda, kwa sababu muda ulikuwa umepita na wale wameshaona kwamba huku kwetu hatuelewani.

Simlinganishi kijana yule na Sir Tim Barrow, aliyeteuliwa siku moja tu baada ya Rogers kuondoka. Barrow alikuwa mwanadiplomasia mkomavu, aliyewahi kuwa balozi Moscow. Nilinganishe swali tu. "Wewe ni wetu au wao?" Swali hilo likishaulizwa, mshenga hana tena jibu litakaloaminika. Akisema upande wa pili ni wagumu, amewapenda. Akisema ni walaini, tutamtuma tena.

Tuje kwenye nguvu ya mezani, maana watu hupenda kusema Uingereza ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, na mimi siamini hivyo. Ilikuwa nchi tajiri yenye jeshi kubwa, yenye London na mabenki yake, na inanunua magari ya Wajerumani bila kuchoka. Lakini zaidi ya asilimia 40 ya mauzo yake ya nje yalikuwa yanakwenda Umoja wa Ulaya. Halafu kulikuwa na ile Ibara ya 50 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya. Inasema nchi ikishatoa taarifa ya kutoka, saa inaanza kuhesabu miaka miwili. Ikifika mwisho bila mapatano, uko nje mikono mitupu. Na muda hauongezwi mpaka nchi zote zilizobaki zikubali. Maana yake nini? Kabla ya kutuma taarifa, Uingereza ndiyo iliyoshika saa. Baada ya kutuma, saa imeshikwa na wengine. Nchi 27 zililijua hilo. Tangu Juni 2016 zilisema hakuna mazungumzo kabla ya taarifa.

Kwa hiyo karata kubwa ilikuwa ni ile siku ya kutuma. Na May aliitaja mbele ya mkutano wa chama chake Birmingham tarehe 2 Oktoba 2016: kabla ya mwisho wa Machi 2017. Ukumbi ukashangilia. Rogers baadaye aliieleza kamati moja ya Bunge kwamba yeye alikuwa ameshauri wasikubali kuianzisha ibara hiyo mpaka wajue itakwendaje. Ushauri ukabaki kwenye faili.

Tena mwezi Novemba likatokea jambo ambalo mwandishi yeyote angetamani kulibuni. Msaidizi wa mbunge mmoja alipigwa picha akitoka Downing Street ameshika daftari wazi, mwandiko wake unasomeka kabisa. Humo alikuwa ameandika msemo wa Kiingereza wa kula keki na kubaki nayo. Serikali ikasema hayo si mawazo yake. Huku kwetu tungemkumbuka fisi na njia zake mbili.

Majuma mawili baada ya barua ya Rogers, tarehe 17 Januari 2017, May akatoa hotuba yenye msimamo kamili. Uingereza itatoka soko la pamoja, itatoka umoja wa forodha wa kawaida, mahakama ya Ulaya isiitawale, na kutokuwa na mapatano ni bora kuliko mapatano mabaya. Hotuba hiyo aliitolea Lancaster House.

Jina hilo mzee yeyote wa Kenya atalitambua. Ndani ya jumba hilo hilo ndiko Waingereza walikowaita Wakenya kujadili katiba ya kuelekea uhuru, 1960, 1962 na 1963. Mwaka 1960 wajumbe wa Kiafrika walikwenda kundi moja, kiongozi wao Ronald Ngala, katibu Tom Mboya, na Thurgood Marshall wa Marekani kawa mshauri wao wa sheria. Walijua wanachokitaka kabla hawajapanda ndege: utawala wa walio wengi. Hata walipokataliwa kuingia na mshauri wao Mbiyu Koinange, waligoma kukaa mezani mpaka ipatikane njia. Wakatoka na viti vingi zaidi barazani kuliko Waafrika walivyowahi kuwa navyo. Waliporudi nyumbani wakagawanyika, KANU huku na KADU kule. Mkutano wa 1962 ukachukua wiki nyingi, Wakenya kwa Wakenya wanavutana juu ya majimbo, na Mwingereza amekaa pembeni kama mwamuzi. Jumba limeona yote mawili. Mwaka 2017 likamwona mwenye jumba mwenyewe anasimama kutangaza msimamo ambao hata baraza lake la mawaziri lilikuwa halijauelewa kwa namna moja.

Tarehe 29 Machi 2017 Barrow akampelekea Donald Tusk barua ya kujitoa, mkono kwa mkono. Barua ya pili katika hadithi hii, na hiyo ndiyo iliyoanzisha saa.

Yaliyofuata nitayapitia haraka, maana ukiyaandika yote utajaza magazeti kumi. Waziri wa kujitoa, David Davis, alisema kutakuwa na mvutano mkubwa wa kiangazi juu ya ratiba: Uingereza ilitaka biashara ijadiliwe pamoja na talaka, Ulaya ilitaka kwanza pesa, haki za raia na mpaka wa Ireland. Mazungumzo yakaanza tarehe 19 Juni 2017, na siku hiyo hiyo ya kwanza ratiba ya Ulaya ikakubaliwa. Mwezi uliofuata ikapigwa picha maarufu. Upande huu Michel Barnier na wenzake, mbele yao makabrasha marefu. Upande ule Davis na wenzake, meza tupu isipokuwa kijidaftari kimoja. Huenda karatasi zilikuwa mkobani, sitaki kumwonea mtu. Lakini picha ilikwenda dunia nzima.

Pesa nazo. Februari 2017 Rogers aliwaambia wabunge kwamba huko Brussels wanazungumzia deni la euro bilioni 40 hadi 60. Watu wakaguna. Julai, Boris Johnson, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alisema Bungeni maneno ya kwamba Ulaya wakapige mluzi. Desemba wakapatana, na serikali yenyewe ikakadiria paundi bilioni 35 hadi 39. Mkaja wa mama ulilipwa.

Jambo lililowashinda kabisa lilikuwa Ireland. Kuna mpaka wa kilomita 500 hivi kati ya Ireland ya Kaskazini na Jamhuri. Tangu mapatano ya amani ya 1998 umekuwa mpaka wa mtu kuvuka akienda kununua mkate. Ukitoka kwenye soko la pamoja na umoja wa forodha, lazima mzigo ukaguliwe mahali fulani. Ukiukagua pale mpakani unachokoza vidonda vya vita; ukiukagua baharini unaigawa nchi yako mwenyewe. Hakuna ubabe unaoweza kuhamisha kisiwa. May alijaribu njia ya katikati Julai 2018, Davis akajiuzulu, kesho yake Johnson naye. Novemba ukatoka mkataba wa kurasa 585, na waziri aliyekuwa na dhamana ya kuujadili, Dominic Raab, akajiuzulu kwa kuupinga. Tarehe 15 Januari 2019 Bunge likaukataa kwa kura 432 dhidi ya 202. Ukarudishwa Machi mara mbili, ukakataliwa mara mbili. Mei akatangaza kuondoka. Johnson akachukua, akakubali ukaguzi wa baharini, na Uingereza ikatoka tarehe 31 Januari 2020. Mkataba wa biashara ukapatikana tarehe 24 Desemba 2020, siku moja kabla ya Krismasi na wiki moja kabla ya muda kwisha.

Mreno wangu alikuwa anafuatilia haya kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana juu ya kitanda alicholalia yeye. Kulikuwa na raia wa Ulaya zaidi ya milioni 3 katika hali yake, na Waingereza kama milioni moja kule bara katika hali hiyo hiyo. Nilipomaliza masomo nikamwacha anakusanya hati za mishahara ya miaka yote, kwenye kasha la viatu, kuthibitisha kwamba alikuwapo.

Hata huku nyumbani ilifika. Julai 2016, nchi za Afrika Mashariki zilipotakiwa kusaini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Ulaya, Tanzania ilisita, na moja ya sababu ilizotoa ni kwamba Uingereza inatoka. Kenya na Rwanda zikasaini Septemba. Baadaye Kenya ililazimika kutafuta mkataba wa peke yake na Uingereza, ukasainiwa Desemba 2020, maua yake yasije yakakwama.

Kijiweni, nilipowasimulia washikaji habari za Rogers, mmoja akanibana. "Mbona alikosea? Alisema miaka kumi, wamepata dili miaka minne na nusu." Ni hoja. Nilimjibu kwamba dili lenyewe jepesi: bidhaa hazitozwi ushuru, lakini makaratasi ya forodha yamerudi, na huduma, ambazo ndizo zinazoilisha London, zimepewa kidogo mno. Akasema hiyo ni lugha ya mtu asiyetaka kushindwa. Tukaagiza kahawa nyingine.

Ila mimi hesabu ya miaka haikuwa ndiyo iliyonifanya nikumbuke barua ile. Niliporudi Dar nilipata kibarua cha kuandika ripoti katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Palikuwa na mama mmoja wa uhasibu. Alitumwa kwenda kumwomba mwenye nyumba apunguze kodi ya pango, akarudi akasema hapunguzi, tena ana mpangaji mwingine, tuanze kutafuta pengine. Mkubwa akamtazama akamuuliza mbele ya watu wote, "Kwani mama, wewe uko upande gani?" Nilihisi baridi ya kile kituo cha basi. Miezi miwili baadaye alinipa barua yake nimchapie. Ilikuwa na mistari minne: tarehe, yahusu, naomba kuacha kazi, asante. Nikamuuliza, mama, huongezi neno? Akasema, "Mwanangu, nina watoto wanasoma. Neno nitaongeza nini?"

Rogers aliweza kuongeza. Alikuwa na pensheni na jina, na nchi ambayo mtu haulizwi usiku aliandika nini. Aliacha utumishi wa umma moja kwa moja, akawa anatoa mihadhara, na 2019 akachapisha kitabu chembamba cha masomo tisa ya jambo lile. Sisi wengi tutaandika mistari minne ya yule mama. Ndiyo maana nimewaletea barua hii, ninyi mnaotaka kuishi kwa kalamu. Mashairi yetu hayatatulisha. Tutaajiriwa kuandika ripoti, hotuba za wakubwa, taarifa za vikao, na kila siku kutakuwa na sentensi moja ambayo mkubwa hataki kuiona. Mimi hivi sasa nina ripoti ya mwaka mezani. Ukurasa wa saba una tarakimu ambayo nimeshaambiwa mara mbili niitafutie maneno mazuri. Mkataba wangu unakwisha mwezi ujao. Bado haijabadilishwa.

Nao Waingereza wako wapi? Bado mezani. Mambo ya Ireland yalipangwa upya Februari 2023 kwa mapatano ya Windsor. Mwaka huo huo wakarudi kwenye mpango wa utafiti wa kisayansi wa Ulaya. Na tarehe 19 Mei 2025, karibu miaka tisa baada ya kura, Waziri Mkuu Keir Starmer aliwapokea London viongozi wa Umoja wa Ulaya kuanza mazungumzo ya kupunguza ukaguzi wa vyakula, ushirikiano wa ulinzi, na vijana kwenda kufanya kazi huku na huku. Walikutana Lancaster House. Mengi waliyokubaliana siku ile yalikuwa ni kukubaliana kwamba watazungumza zaidi. La samaki ndilo lililopewa tarehe kamili: meli za Ulaya zitaendelea kuvua kwenye bahari ya Uingereza hadi tarehe 30 Juni 2038.